Mistari Mitatu Niliyoiacha Wazi

Utamlipizaje kisasi mtu asiye na mwili? Swali hilo nimekuwa nikilala nalo na kuamka nalo tangu mwezi Machi, na hadi ninapoandika haya sijapata jibu lake. Aliyekuibia ng'ombe ana boma lake, na njia ya kufika huko unaijua. Aliyekutukana ana mdomo. Lakini Kampuni haina shavu la kupigwa kofi, haina mama wa kushtakiwa kwake, wala haitakuwa na kaburi ambalo siku moja utapita kando yake ukatema mate. Ina geti, ina bango, na ina barua.

Naiita Kampuni tu, na sifanyi hivyo kwa woga. Sisi watu wa Shelui, mkoani Singida, tumeacha kulikariri jina lake kwa sababu halidumu. Msamaha wa kodi anaopewa mwekezaji mpya ukikaribia kumalizika, jina la zamani hufa, bango la barabarani hupakwa rangi, na asubuhi yake huzaliwa mwekezaji mpya kabisa mwenye malori yaleyale, maghala yaleyale na meneja yuleyule. Kwa hiyo tunasema Kampuni, kama tunavyosema Mvua au Serikali.

Nilianza kuichukia ndani ya maktaba ya chuo, Dodoma. Nasoma uchumi, mwaka wa tatu, na tasnifu yangu inahusu ushuru wa mazao yanayouzwa nje ya nchi. Mkutubi alikuwa amenitolea jalada la maoni ya wadau yaliyopokewa miaka miwili iliyopita na kamati inayokusanya maoni ya kodi. Niliyapitia kwa utaratibu, kalamu mkononi. Barua ya kumi na tisa ilitoka Shelui.

"Sisi wakulima wa alizeti wa Shelui," ilisema, "kwa hiari yetu na kwa kauli moja, tunaiomba Serikali iondoe ushuru wa kusafirisha nje mbegu ghafi za alizeti, kwa kuwa ushuru huo unatukandamiza."

Kwanza nilicheka, kwa sababu sijawahi kumsikia mkulima wa Shelui akitamka "mbegu ghafi". Kisha nikaacha kucheka. Chini ya maneno hayo, kwenye karatasi ileile, lilikuwapo jedwali la majina na sahihi mia moja thelathini na mbili. Mistari ya jedwali ilichorwa kwa rula yenye pengo karibu na ncha, kiasi kwamba kila mstari ulijikunja kidogo ulipofika kulia. Rula hiyo ilikuwa yangu. Mwandiko wa majina ulikuwa wangu. Na namba saba alikuwa Obadia, baba yangu mzazi.

Nilikumbuka siku ile saa kwa saa. Nilikuwa na miaka ishirini, nikiwa likizo, na Kampuni ilikuwa imeandaa semina ya kilimo bora katika ukumbi wa kanisa. Huku kwetu hakuna semina bila karatasi ya mahudhurio, na hakuna posho bila sahihi. Mtu husaini mlangoni kabla hajajua atafundishwa nini, kwa sababu asiyesaini hanywi soda na harudishiwi nauli. Ni desturi iliyokwisha kukomaa hivi kwamba mzee anaweza kukataa kusaini hati ya shamba lake mpaka aiite familia yote, lakini karatasi ya mahudhurio ataisaini amesimama, huku anazungumza na jirani yake.

Derick, afisa mahusiano wa Kampuni, ndiye aliyenikabidhi kazi ya kuandikisha. "Una mwandiko mzuri," aliniambia. "Chora jedwali, ila uache nafasi ya mistari mitatu juu. Kichwa cha habari tutakichapa ofisini." Nikaiacha. Niliiacha kwa unadhifu, kwa rula, na nilipomaliza nilijivuna kwamba karatasi zangu hazikuwa na hata doa moja la wino.

Mwezi mmoja baadaye nilipata ufadhili wa masomo. Kampuni ilichagua watoto sita wa wakulima ikawalipia ada, na picha yangu ikawekwa kwenye kijitabu chake, nimeshika ua la alizeti ambalo sikulipanda mimi.

Ushuru uliondolewa. Sisemi kwamba uliondolewa kwa sababu ya karatasi zangu peke yake. Sina ushahidi wa jambo hilo, na nimefundishwa kutosema nisichoweza kukithibitisha. Nasema tu kwamba barua ilikuwapo mezani siku uamuzi ulipofanywa.

Msimu wa kwanza baada ya hapo, Kampuni ilinunua alizeti ikiwa mbegu, ili iisafirishe nje, kwa bei ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Watu walishangilia na kuezeka upya nyumba zao. Mashine za kukamua zikakosa cha kukamua, na ya Baba ikawa mojawapo. Kabla ya hapo mkulima alikuwa akileta magunia yake kwenye kibanda chetu cha barabarani, hatozwi senti. Alichukua mafuta, Baba akabaki na mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, ambayo wafugaji waliyanunua kwa ajili ya ng'ombe. "Mafuta yako, mashudu yangu," ndivyo walivyokubaliana, na makubaliano hayo yalinisomesha hadi kidato cha sita. Mwaka ule mashudu hayakuwapo. Msimu wa pili, mashine nyingi zilipokuwa zimekwisha kuuzwa kama vyuma chakavu, Kampuni ilishusha bei hadi chini kuliko ilivyokuwa zamani, na mkulima hakuwa na mahali pengine pa kupeleka mzigo.

Mwaka jana nilifanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi zao za Singida mjini, na huko nikaona nusu nyingine ya mambo. Mbegu za Shelui zilikuwa zikiuzwa kwa kampuni dada iliyoko katika kisiwa fulani cha mbali, yenye wafanyakazi wanne, kwa bei ndogo kuliko ile aliyolipwa mkulima. Kampuni dada ndiyo iliyoziuza kwa bei halisi. Ni sawa na Baba aniuzie mimi mafuta kwa bei ya maji, mimi niyauze sokoni kwa bei ya mafuta, halafu mwenye kudai kodi akija kibandani aambiwe, "Samahani, mwaka huu nimepata hasara." Faida hulala kisiwani. Hasara ndiyo inayobaki na sisi, na hasara haitozwi kodi. Nilipomuuliza mhasibu mmoja kama jambo hilo ni halali, alinijibu kwa upole: "Wanasheria wamelipitia." Wakati huo sikuwa na hasira. Nilikuwa na maswali tu, na ada yangu ilikuwa imelipwa.

Hasira ilinifika pale maktabani, mbele ya mistari mitatu iliyojazwa maneno. Nilijua kwa hakika kwamba sitaki tu kurekebisha mambo. Nilitaka mtu aumie.

Simu ya Derick iliingia majuma mawili baadaye.

"Yunisi, staa wetu!"

"Habari za kazi, kaka Derick."

"Safi. Sikiliza, tuna ugeni mkubwa. Ile kamati ya maoni ya kodi inapita mikoani, na Jumamosi ya wiki ijayo itakuwa Shelui. Tunataka useme dakika tano. Mtoto wa mkulima, msomi, mfadhiliwa. Hotuba tumeshakuandikia."

"Tunaomba nini safari hii?"

"Msamaha wa kodi ya mapato, miaka kumi. Lakini wewe usiingie huko, hayo ni mambo ya ofisini. Wewe sema tu maisha yamebadilika."

"Yamebadilika kweli," nikasema.

"Si ndiyo hivyo! Na asubuhi utusaidie semina na mahudhurio, kama mwaka ule. Uache nafasi juu."

Nilimjibu kwamba nitafurahi sana kusaidia, na sikusema uongo.

Nilipofika Shelui nilianzia kwenye geti la Kampuni, kwa sababu ndipo alipo Baba. Baada ya kuiuza mashine aliomba kazi ya ulinzi, akapewa. Alikuwa amevaa sare ya rangi ya udongo na kofia iliyomzidi, amesimama mkabala na mahali kilipokuwa kibanda chetu. Lori lilikuwa likitoka, limesheheni magunia, naye akalifungulia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umefika salama?" Akatazama nyuma yake, kwenye dirisha la ofisi, kisha akanisogezea daftari. "Andika jina kwanza. Utaratibu."

Nikaandika jina langu kwenye daftari la wageni ili nizungumze na baba yangu. Pale penye sababu ya kufika niliandika "familia".

Jumapili alasiri, baada ya ibada, nilimwomba Baba anikutanishe na Mzee Fabiano, mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima. Bibi Amne, jirani yetu mjane ambaye haalikwi mahali popote na hakosekani mahali popote, alikuja na ungo wake wa mtama, akakaa kupepeta. Nikatoa nakala ya barua, nikawasomea.

Bibi Amne aliacha kupepeta. "Rudia hapo pa hiari."

"'Kwa hiari yetu na kwa kauli moja.'"

"Mimi na Fabiano tuna kauli moja tangu lini? Tunagombania mpaka wa shamba mwaka wa kumi na nne huu!"

"Mpaka ule ni wangu, Amne," akasema Mzee Fabiano.

"Mmemsikia?"

"Lakini dole gumba ni lako, Bibi," nikasema. "Namba kumi na mbili."

Akaishika karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaitazama alama yake. "Nilitia dole kwa ajili ya soda," akasema taratibu. "Na soda yenyewe ilikuwa ya moto."

Mzee Fabiano alicheka, akaona hatucheki, akanyamaza. Nikawaeleza yaliyobaki: ushuru, kisiwa, miaka kumi inayoombwa sasa. Nikawaeleza pia kwamba nafasi ya juu niliiacha mimi.

"Ulikuwa mtoto," Baba akasema.

"Nilikuwa na miaka ishirini, Baba."

"Sasa unataka nini?" aliuliza Bibi Amne. "Kulia? Maana kulia unaweza kulia huko huko Dodoma."

"Nataka waumie, Bibi. Waaibike mbele za watu, kwa mkono uleule walioutumia."

"Kisasi ni cha Bwana," alisema Mzee Fabiano, ambaye pia ni mzee wa kanisa.

"Bwana hakusaini mahudhurio, Mzee. Tulisaini sisi."

Baba alinikata jicho, nikainamisha kichwa na kumwomba Mzee Fabiano radhi. Lakini neno nililolisema sikulirudisha. Baba aliangalia mikono yake, ambayo mpaka leo ina weusi wa mafuta ya mashine ndani ya kucha.

"Umebakiza muhula mmoja," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Muhula mmoja, Yunisi. Anayeulipia unamjua. Maliza kwanza, uvae lile joho, ndipo uje uwapige. Hawahami."

"Msamaha ukishapita, Baba, ni miaka kumi."

Alisimama akaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Aliyeupata mpango ni Bibi Amne. Alikuwa amekaa kimya, jambo ambalo lilianza kututia wasiwasi, kisha akaweka ungo kando, akasawazisha mchanga kwa kiganja na kuandika kwa kidole, kuanzia kulia kwenda kushoto, maandishi aliyofundishwa madrasa akiwa msichana. Herufi zetu za shule hakuwahi kuzisoma. Ndiyo maana ofisini humpa kidau cha wino atie dole.

"Hiyo ni nini, Bibi?"

"Wanataka sahihi yangu, si ndiyo? Hiyo ndiyo sahihi yangu. Imeandikwa: sikubali." Akajifuta kidole. "Na wewe Fabiano unayejua herufi za kizungu, andika ya kwako. Uikimbize kalamu kama mganga anavyoandika dawa. Yule kijana wao hasomi. Anahesabu tu."

Nililipenda wazo hilo kwa namna iliyonitisha. Niliweka sharti moja tu: kila atakayesimama kwenye foleni aambiwe ukweli wote kabla ya kushika kalamu. Nilikwisha kuwatumia watu wa Shelui bila wao kujua. Sikuwa tayari kuwatumia tena, hata kwa kisasi changu mwenyewe. Anayekubali msamaha wa Kampuni aweke sahihi yake ya kawaida. Asiyekubali aandike neno. Bibi Amne na Mzee Fabiano walizunguka nyumba kwa nyumba wiki nzima, kila mmoja upande wake wa mpaka, na inasemekana walisalimiana mara mbili.

Jumamosi ilifika. Nilikaa kwenye meza ya mlangoni na karatasi zangu nadhifu, mistari mitatu wazi juu. Watu walisaini mmoja baada ya mwingine. Wengine walinikonyeza. Wengine waliinama sana juu ya karatasi, wakaandika kwa woga, wakaenda kukaa bila kunitazama. Baba alipata ruhusa ya nusu siku akaja na sare yake. Aliposaini alinipa mgongo, nami sikuchungulia.

Derick alipita akachukua karatasi, akaruka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho. "Mia na tisa! Safi sana." Akasimama kwa Bibi Amne. "Bibi, umejifunza kusaini siku hizi? Hongera."

"Nimejifunza, mwanangu. Kwa ajili yako."

Akaenda kwenye gari na mashine yake ya kuchapia. Aliporudi, mistari mitatu ilikuwa na maneno.

Kamati ilifika saa sita: watu watatu, wakiongozwa na mama mmoja mwenye miwani aliyejitambulisha kwa jina la Emiliana, mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Derick alimkabidhi barua kwa mikono miwili. Alisema kwamba haya ni maombi ya wakulima wenyewe, kwamba Kampuni imewasindikiza tu, na kwamba binti wa hapahapa atazungumza kwa niaba yao. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele, hotuba yao mapajani.

"Binti atazungumza," alisema Mama Emiliana, "lakini kwanza ningependa kuwasikia wawili watatu walioomba." Akashusha kidole kwenye orodha. "Namba nne. Amne. Yupo?"

"Nipo."

"Shikamoo, mama. Naona umesaini kwa herufi za Kiarabu."

"Marahaba. Ndivyo nijuavyo."

"Tusaidie kusoma."

Bibi Amne alisimama, akajitanda vizuri mtandio wake. "Inasomeka: sikubali."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko. Mama Emiliana aliivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Namba tano," akasoma polepole. "Si… ku… Sikubali. Namba sita. Sikubali." Akafunua ukurasa. "Bwana Derick, umeisoma hii barua kabla ya kunipa?"

Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya dakika ile, na sitajifanya mtakatifu: ilikuwa tamu. Nilimtazama Derick uso kwa uso wakati vicheko vinaongezeka. Niliitazama rangi inavyomtoka, niliutazama ulimi wake unavyoilamba midomo iliyokauka, na nilitaka ichukue muda mrefu zaidi. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee Fabiano, mzee wa kanisa, alikuwa akipiga meza kwa ngumi. "Soma nyingine!" mtu alipaza sauti. "Soma yangu, namba ishirini na moja, niliiandika kwa herufi kubwa!"

Lakini Derick hakuajiriwa bure. Alingoja, akainua mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba tuhesabu. Utani ni utani, hesabu ni hesabu."

Wakahesabu. Waliokataa walikuwa sitini na watatu. Arobaini na sita walikuwa wameweka sahihi zao za kawaida.

"Wakulima arobaini na sita makini wanaunga mkono ombi hili," alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Hao wengine wamechezewa akili, na aliyewachezea ameketi hapa mbele, kwa ada ambayo sisi tunamlipia. Na naomba ukumbi ufahamu, namba thelathini, aliyesaini kukubali, ni mzee Obadia. Baba mzazi wa huyu binti. Hata baba yake hayuko naye."

Vichwa vyote viligeuka. Mama Emiliana aliinua karatasi, nami kutoka nilipoketi niliiona: sahihi ya Baba ileile aliyokuwa akiiweka kwenye risiti za mashine, yenye mkia mrefu unaorudi chini ya jina.

Baba alisimama. Alivua kofia ya Kampuni, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani.

"Mimi sijasaini barua yako, kijana," alisema. "Barua yako siijui. Nimesaini ada ya mwanangu. Muhula mmoja umebaki."

Hakuna aliyecheka. Nyuma yake niliwaona wengine wakitazama sakafu, na nikawatambua: mama ambaye mwanawe ni utingo kwenye malori ya Kampuni, baba wa mwenzangu mfadhiliwa, yule aliyekopeshwa mbegu. Arobaini na sita hawakuwa wamekubali kitu chochote. Kila mmoja alikuwa amesaini kitu chake.

"Na ada italipwa, mzee wangu," alisema Derick kwa upole mno. "Kampuni haiwasahau watu wake." Kisha akanigeukia, akatabasamu. "Karibu, Yunisi. Dakika tano zako. Hotuba unayo."

Nilisimama na karatasi zake mkononi. Katika hatua nane za kufika mbele nilielewa jambo ambalo vitabu vyangu vyote havikunifundisha. Nilikuwa nimewaandalia wengine kisasi ambacho mimi mwenyewe sikukilipia. Bibi Amne alikuwa ameweka neno lake, Mzee Fabiano ameweka neno lake, watu sitini na watatu wenye shamba na madeni wameweka maneno yao, na mimi niliyewachochea nilikuwa bado nakula kwenye sahani ya adui, nikimwacha baba yangu ailinde sahani hiyo kwa sahihi yake. Walichomshikia Baba hakikuwa kirungu wala mshahara wa ulinzi. Walimshikia mimi.

Chuki yangu haikupungua. Nilipomtazama Derick niliona kijana aliyevaa shati lililolowa kwapani, aliyetumwa, ambaye Jumatatu angeandika ripoti kwa mtu aliyetumwa pia. Nilimwacha. Nikaiweka hotuba mezani, mbele ya Mama Emiliana, maandishi yakiwa chini.

"Kwa heshima yako, mwenyekiti, na kwa heshima yenu, wazazi wangu," nilisema. "Jina langu ni Yunisi Obadia. Miaka miwili iliyopita, katika ukumbi huu, niliwaandikisha mahudhurio, na nikaacha nafasi juu ya karatasi kwa sababu niliambiwa niiache. Nafasi hiyo ilijazwa ombi ambalo hamkuliona. Hayo nitayaandika, nitayaapia, na nitayaleta kwenye kamati pamoja na kila nilichokiona kwenye ofisi za Kampuni nilipofanya mafunzo."

"Yunisi, kaa chini," Derick alisema. "Una mkataba."

"Nina mkataba wa ufadhili, kaka Derick, na hilo ndilo la pili." Niligeuka nimtazame Baba, kwa sababu hili lilikuwa lake zaidi kuliko la kamati. Midomo yake ilikuwa ikinikataza. "Baba, nisamehe. Kuanzia leo siupokei ufadhili wa Kampuni. Jumatatu naandika barua chuoni kuahirisha masomo, na nitarudi darasani siku nitakayokuwa na ada isiyotoka kwao. Hakuna mtu katika ukumbi huu anayesaini tena kwa ajili yangu."